Barua ya Wazi Kuhusu Mtumishi Asiyelipwa Mshahara

Kwa: Wizara yenye dhamana ya mazingira, Gitega.
Nakala: Moto wa kiangazi, bonde la Ruvubu.
Yah: Pendekezo la kupandishwa cheo.

Misitu ya taifa nchini Burundi ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kupandwa: mikaratusi, misonobari na mikalitrisi iliyopangwa safu kwa safu juu ya vilima, kama inavyoonekana pande zote za Gitega. Ya pili ni ya asili iliyotengwa kisheria, na eneo kubwa kuliko yote la aina hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, hekta 50,000 na ushei za nyasi, miti na mto, ambazo sehemu yake imo Muyinga. Misitu hii inatakiwa itoe kuni na mbao, isiungue na itunze wanyama, yote kwa wakati mmoja na kwa bajeti ileile. Kazi hiyo ina wizara, ina ofisi na ina mihuri. Lakini mtumishi anayefika vilimani kila mwaka bila kukosa, asiyedai posho ya safari wala mafuta ya gari, ni moto wa kiangazi. Utumishi wake unastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa cheo hakiombwi bila wasifu.

Msitu wa kupandwa uliingia kwa amri. Utawala wa Ubelgiji, hasa kuanzia miaka ya 1930, uliwalazimisha wakazi kupanda mikaratusi, mti wa Australia unaokua haraka na usioliwa na mbuzi. Uhuru wa mwaka 1962 ulibadili bendera, mti ukabaki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wafadhili wa nje, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwao, waligharimia upandaji mkubwa zaidi, na vilima vilivyokuwa vitupu vikafunikwa. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vikavifunua vingi tena: anayekimbia hukata mti wa karibu apike, na anayebaki hukata wa mbali auze.

Upande wa sheria mambo yalistawi zaidi. Taasisi ya kuhifadhi mazingira ilianzishwa mwaka 1980. Kanuni ya Misitu ikatoka mwaka 1985 na kuandikwa upya mwaka 2016. Katikati ya hapo, mwaka 2014, taasisi yenyewe ikazaliwa upya kwa jina la OBPE, yaani Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira. Karatasi zote hizo hutokana na miti, jambo linaloonyesha kwamba sekta haijakosa mteja wa uhakika.

Mwaka 2018 ukazinduliwa mpango wa kitaifa wa Ewe Burundi Urambaye, wa kuivisha nchi miti. Upandaji una taratibu zake, na kila mkazi wa Gitega anazijua. Mvua za Novemba na Desemba zikikolea, watu huitwa Jumamosi asubuhi kwa kazi za maendeleo. Miche hushushwa kwenye lori ikiwa ndani ya viriba vyeusi vya plastiki. Hotuba hufuata. Mti wa mgeni rasmi humwagiliwa maji na kupigwa picha. Mingine hupandwa na wananchi, mara nyingine pamoja na kiriba chake, kwa kuwa kukichana huchelewesha watu na jua limeshapanda. Baadaye hutangazwa idadi ya miche iliyopandwa. Idadi hiyo ndiyo mazao ya kwanza ya msitu, na aghalabu ndiyo ya mwisho.

Palizi ya Februari haina mgeni rasmi. Mche husongwa na majani, mbuzi huufikia kama si mkaratusi, na ifikapo Julai ule uliosalia umezungukwa na nyasi kavu zinazoupita kimo. Hesabu inayosomwa hadharani hujua kujumlisha. Kutoa huachiwa moto.

Moto wenyewe haufai kusingiziwa kila kitu. Ruvubu umekuwamo tangu zamani. Nyasi za huko hukua msimu wote wa mvua hadi kumzidi mtu mzima urefu, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Mbula na mbanga, miti inayoitawala mbuga hiyo, ina magome yanayostahimili moto wa wastani. Wanaouwasha nao wana sababu, na kila mmoja ana tarehe yake. Mfugaji anataka majani mabichi yachipue chini ya majivu. Mwindaji anataka mnyama atoke mafichoni. Mrina asali huja na mwenge wa kufukiza nyuki, na huondoka na asali bila mwenge. Mkulima husafisha shamba lake kabla ya mvua za Septemba, na upepo humsaidia kusafisha la jirani.

Tofauti yote iko kwenye mwezi. Moto wa mwanzoni mwa Juni hupita polepole juu ya nyasi ambazo bado zina unyevu, huruka mabaka, hufifia usiku umande unaposhuka, na mti mchanga huweza kupona. Moto wa Agosti hukuta nyasi zilezile zimekauka mpaka shinani. Huo hupanda matawini, huingia katika ukanda wa msitu wa kando ya mto, ambao miti yake haina gome la kujikinga, na kila kiangazi huumega ukanda huo kidogo. Ndiyo maana mlinzi anayeijua kazi huchoma mapema kwa makusudi, kipande hapa na kipande pale, ili moto wa Agosti ukute njia imeshakatwa. Kanuni inayokataza moto wote bila kutaja mwezi huzaa jambo moja tu: wanaotii hawachomi Juni, na wasiotii huchoma Agosti.

Marekani iliwahi kuijaribu njia hiyo ya kukataza moto wote, kwa bidii zote. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya nchi hiyo iliagiza kila moto uwe umedhibitiwa ifikapo saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Agizo lilifuatwa kwa miongo, majani na matawi makavu yakarundikana msituni, na katika miaka ya 1970 likaachwa. Nao Wamarekani walikuwa na ndege, barabara na fedha. Muyinga kuna matawi mabichi ya kupigia moto, na walinzi wa miguu wanaoutazama ukiwa ng'ambo ya mto.

Wanyama wa Ruvubu wamo katika hesabu hii. Tembo na simba hawapo tena, kwa hiyo gharama ya kuwatunza imeondoka. Waliobaki ni pamoja na nyati, viboko, kuro na nyani. Nyati na kuro hufaidi majani mapya yanayofuata moto wa mapema. Tumbili na ndege wa msitu wa kando ya mto huhitaji ukanda wao usiguswe kabisa. Anayetaka kuwatunza wote hawezi kuchoma kote wala kuacha kote. Na mbuga ikiungua yote kwa mpigo mmoja, nyati hutafuta chakula nje ya mpaka wa hifadhi, yaani kwenye mtama na mahindi ya watu.

Watu hao si wageni hapo. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1980, familia nyingi zilihamishwa kutoka ndani yake, na uzao wa familia hizo ndio unaoombwa leo ulinde mpaka kwa moyo wa uzalendo. Ombi huletwa na semina, semina huja na soda, na soda ikiisha nyati bado yumo shambani.

Gitega ina moto wa aina yake, uliofugwa. Tangu mji huo ulipotangazwa mwishoni mwa 2018 kuwa mji mkuu wa kisiasa, unajengwa, na unajengwa kwa matofali ya kuchoma. Matofali mabichi hupangwa kuwa tanuri, huachwa midomo chini, kisha midomo hiyo hulishwa magogo ya mikaratusi usiku na mchana hadi tofali la juu kabisa liive. Hapo sufuria bado haijahesabiwa. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati inayotumika nchini hutokana na kuni, makaa na mabaki ya mimea. Katika tanuri la udongo la mchoma makaa, kilo kumi za kuni kavu hutoa kilo moja au mbili za makaa. Zilizosalia huondoka na moshi, ambao hauulizwi kibali barabarani.

Mkaratusi hauna kosa. Ukikatwa huchipua kisikini, na ukitunzwa huvunwa mara tatu au zaidi. Lakini machipukizi yanatakiwa yapunguzwe yabaki mawili au matatu, kisha yaachwe miaka saba au nane yawe nguzo. Mwenye njaa na mwenye tanuri hawana miaka saba. Hukata fito, hurudi, na hukata tena kabla kisiki hakijapumzika. Mbao basi hutoka kwenye miti michache iliyobahatika kuzeeka. Gogo hupandishwa juu ya kichanja. Mpasuaji mmoja husimama juu akivuta msumeno, mwenzake husimama chini akila vumbi, na ubao unaotoka mnene upande huu na mwembamba upande ule huuzwa kama ulivyo.

Ngoma nazo zina haki ya kusikilizwa. Gishora, karibu na Gitega, ni makao ya ngoma za kifalme, ambazo uchezaji wake uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ngoma hizo huchongwa katika shina la umuvugangoma, mti wa asili ambao Watanzania wanauita mringaringa, na hakuna mkaratusi uliowahi kushika nafasi yake. Amri ya rais ya mwaka 2017 ilipanga nani apige ngoma na kwa ada gani. Shina la ngoma ya mwaka 2060 lingepaswa kuwa kitaluni leo.

Kuhusu mipaka, maelezo ni mafupi. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi mitano, na mgawanyo huo ukaanza kutumika mwaka 2025. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, na Ruvubu, iliyokuwa katika mikoa minne, imo katika miwili. Mikutano ya kuratibu itapungua. Moto haukulazimika kubadili ramani yake, kwa kuwa haukuwahi kuifuata ile ya kwanza.

Kwa wasifu huo moto unastahili cheo, isipokuwa Wizara ikiamua kuunyang'anya kazi. Kuunyang'anya hakuhitaji semina nyingine. Kunahitaji ratiba ya kuchoma mapema, itangazwe vilimani kila Mei ikitaja maeneo na wasimamizi. Kunahitaji ruhusa ya kukata inayofuata umri wa mti badala ya haraka ya mnunuzi, na fedha za nguzo na asali zibaki kiasi kwa wanaolala jirani na nyati. Zaidi ya yote, Wizara inaombwa itangaze namba moja zaidi: katika miche iliyopandwa msimu uliopita, ni mingapi imesimama hai baada ya kiangazi. Namba hiyo isomwe Gitega, na isomwe Muyinga pia, kabla mche wa kwanza wa Novemba haujatoka kitaluni.