Kileleni kwa Mali ya Umma

Kiongozi wa safari aliponipigia simu kuniuliza kama nina uzoefu wa kupanda milima, nilimjibu, "Sana tu." Sikumweleza kwamba uzoefu wenyewe ni ngazi za ghorofa ya nne kazini, lifti inapoharibika.

Kilichoniponza ni ile nafasi ya pili. Mlima Meru unaufuata Kilimanjaro kwa urefu hapa Tanzania, nami nikajisemea mdogo mtu hawezi kuwa mkali kama kaka yake. Kumbe kutoka Lango la Momella, penye mita 1,500 hivi, unapanda mita 3,000, na 1,000 za mwisho unazipanda kwa usiku mmoja.

Langoni tulikabidhiwa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa njia ya kule chini ni ya nyati na twiga kabla haijawa ya watu.

"Afande, nyati akitokea nifanye nini?"

Akakitazama kitambi changu. "Usijisumbue kukimbia, mzee."

Buti nilizinunua mtumbani. Muuzaji aliapa kwamba zimepanda milima mingi huko Ulaya, na hakusema uongo: zilikuwa zimeshachoka kupanda. Siku ya pili nikiwa nahema kama mvukuto, mpagazi alinipita na mtungi wa gesi kichwani, anaongea na simu, anabishana bei ya mbuzi. Mimi hata salamu yake nilishindwa kuiitikia.

Saa saba usiku tukaondoka kambi ya Saddle. Baada ya kama saa nzima ya mateso tukafika mahali tambarare penye upepo wa kukata masikio. Nikajua ndipo. Nikachomoa jezi ya Yanga, nikaivaa juu ya koti, nikamkumbatia kila aliyekuwa karibu, machozi yakinilengalenga. Afande akanisubiri nimalize.

"Hapa ni Rhino Point, mzee. Vua jezi, mpira haujaanza."

La kuudhi zaidi, kutoka hapo njia inateremka. Mita nilizozipata kwa jasho nikazirudisha, kisha nikaanza kuzitafuta upya kwenye ukingo wa kreta. Hapo ndipo vitu vyangu vilipoanza kuniaga kimoja kimoja. Tochi ilizimika. Maji yaliganda kwenye chupa. Glavu nikakumbuka nimeziacha kitandani. Tulipofika Cobra Point, buti la kulia lilifumua mdomo, soksi ikachungulia nje.

Hakuna aliyenicheka, angalau si mbele yangu. Kiongozi alinivisha glavu zake. Msaidizi wake akanipa tochi, akawa anatembea kwa mwanga wa mwenzake. Afande alinigawia chai ya chupa yake, halafu akatoa kamba mfukoni, akalifunga buti langu kama anafunga kuku wa sokoni.

Jua lilichomoza upande wa Kilimanjaro tukiwa tumefika, zaidi ya mita 4,560. Mahali pale panaitwa Kilele cha Ujamaa, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulitendea haki jina hilo kuliko mimi: glavu za kiongozi, tochi ya msaidizi, kamba na chai ya afande. Mtaji wangu binafsi ulikuwa jezi na kitambi.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kulipokucha niliiona njia niliyopita gizani: huku mteremko, kule kreta yenye kilima cha majivu chini kabisa. Magoti yakakataa. Sehemu kubwa ya ule ukingo niliishuka kwa makalio, na suruali ikaenda kuungana na buti.

Langoni nilipewa cheti, nami nimekitundika sebuleni. Wageni hukisoma, wakanitazama, wakakisoma tena. Kimeandikwa jina moja tu, langu. Ujamaa ule, naona, ulikwisha tulipofika kwenye karatasi.