Jinsi ya Kukaa Bure Maskati Siku ya Mwisho

Sanduku lifungwe usiku wa kuamkia siku ya safari. Lipime, lisogeze karibu na mlango, kisha uliache. Mgeni anayekunja nguo asubuhi ya mwisho huwafanya wenyeji waanze kumuaga tangu kwenye chai, na siku nzima ikawa msiba mdogo. Lakini robo ya sanduku ibaki tupu. Sababu yake itabisha hodi alasiri.

Ukiweza, panga ndege ya usiku wa Ijumaa. Tangu mwaka 2013 mapumziko ya wiki Omani ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi barabara huwa nyeupe. Maduka mengi ya soko la Matrah hayafunguliwi hadi alasiri, kwa hiyo hata aliyesahau udi wa shemeji yake hana pa kukimbilia. Ubani wa Dhofar, ule mweupe unaoelekea ukijani, ulipaswa kununuliwa mapema. Kama hukununua, shemeji ataishi. Ziara ilikuwa ya kuwaona marafiki, na marafiki hawauzwi Matrah.

Sasa kaa. Usishike simu, usipendekeze matembezi. Ikiwa ni Juni, jua lenyewe litakusaidia, maana mchana joto huvuka nyuzi 40 na hakuna mwenye akili atakayekwambia utoke.

Pa kukaa ni jikoni, karibu na bibi wa nyumba. Nyumba nyingi za Maskati na Sibu zinazozungumza Kiswahili ni za watu waliotoka Unguja na Pemba. Wengi waliondoka baada ya Januari 1964, wakahangaika huku na kule, kisha wakaingia Omani baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Bibi anayekukunia nazi leo huenda aliondoka akiwa msichana. Muulize alizaliwa wapi: Malindi? Ng'ambo? Wete? Kisha nyamaza, hata hadithi ikichukua saa mbili, hata akirudia jina la jirani mara ya nne. Ninaamini kabisa kwamba hakuna kazi bora zaidi ya kufanya siku hiyo. Yeye amengoja siku zote za ziara yako, wakati wewe ulipokuwa ukizungushwa kwenye ngome na fukwe, ili apate mtu wa nyumbani asiye na haraka.

Atakuuliza maswali. Msikiti ule bado upo? Na duka la kona? Kama hujui, sema hujui, maana yeye ataamini kila utakalomwambia. Akikuomba picha ya nyumba yao, usijibu "Inshallah, bibi" kwa namna ile tunayoitumia kumaliza mazungumzo. Chukua kalamu. Andika mtaa, andika nyumba iko mkabala na nini, msomee ulichoandika akusahihishe.

Alasiri watakuja watu wa vifurushi: kanga za mama yao aliyeko Mombasa, dawa za mjomba Tanga, halwa kwa kila mtu. Kila kifurushi kifunguliwe mbele ya aliyekileta. "Samahani dada, uwanjani wataniuliza" inatosha, na mwenye nia njema hatachukia. Halwa iende ndani ya sanduku kubwa, kwa sababu walinzi wanaweza kuihesabu na vitu vya majimaji, ambavyo kwenye mkoba wa mkononi havivuki mililita 100 kwa chombo. Haitaharibika, imekorogwa sufuriani kwa muda mrefu na samli na sukari, nayo hukaa wiki nyingi bila friji.

Kisha kahawa na tende. Omani, kikombe cha kahawa ukikirudisha bila kukitikisa, unajaziwa. Ukikitikisa kidogo, umeshiba. Siku ya mwisho usiwe na haraka ya kukitikisa. Jihadhari pia na chetezo. Kote Ghuba ubani hupitishwa ziara inapoisha, na mgeni akishafukizwa huondoka. Ukiona makaa yanawashwa mapema, nenda kaoshe vyombo kwanza. Hakuna atakayemfukiza mtu mwenye mapovu hadi viwikoni.

Uwanjani agana upesi. Maneno yote yameshasemwa jikoni, na kijana aliyekuendesha anataka kulala.

Ukifika, piga simu. Usitume maandishi, bibi anataka sauti. Halafu, kabla wiki haijaisha, nenda kapige ile picha. Usiisafishe wala usingoje watu wapite. Chukua mtaa mzima, na wauza samaki, na baiskeli, na wazee waliokaa barazani. Bibi atamwambia mjukuu aikuze kwenye simu, uso mmoja mmoja, aangalie kama yupo anayemfahamu.