Namna ya Kumsindikiza Mgeni Aitwaye Joto

Kompyuta yako mpya imewaka. Umeiunga kwa mikono yako mwenyewe, nembo imetokea kwenye skrini, wadogo zako wamepiga makofi, na mama amekuja kuuliza kama sasa ataona tamthilia zake bila kukatika. Baada ya nusu saa feni inavuma kama mashine ya kukoboa, video inaganda, kisha giza. Unawasha tena, unaingia kwenye bayosi, unakuta prosesa ina nyuzi 96. Tulia. Usimpigie muuzaji, wala usirudi Kariakoo na kasha begani. Una mgeni sebuleni, naye hajapata mtu wa kumsindikiza.

Mgeni huyo ni joto, na kuja kwake ni haki yake. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka joto, wati kwa wati. Chukua Core i5-12400, prosesa ya mwaka 2022 iliyomo kwenye kompyuta nyingi za watu wa kipato cha kawaida. Imeandikwa wati 65, lakini ikikaza mwendo inaruhusiwa kuvuta hadi wati 117. Wazee wanaikumbuka balbu ya wati 100, ile uliyokuwa ukiigusa unaruka. Sasa ichukue balbu hiyo na zaidi, uibane kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hapo ndipo mgeni wako alipozaliwa.

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa hadi njia panda, na anayemsindikiza harudi mpaka amwone kapanda gari. Joto nalo lina safari yake: linatoka kwenye silikoni, linapita kifuniko cha chuma cha prosesa, linavuka pesti iliyopakwa juu yake, linaingia kwenye mbavu za chuma za hitisinki, linapeperushwa na feni, linatoka kwenye matundu ya kasha, linafika chumbani, linaishia dirishani. Kuna mahali kwenye njia hiyo mgeni wako amekwama. Kazi yako ni kutembea naye hatua kwa hatua hadi upajue, na katika kompyuta iliyoungwa wiki hii, karibu kila mara amekwama pale ulipopashika kwa mikono yako.

Kwanza hakikisha huyu ni mgeni aliyekwama kweli. Prosesa nyingi za Intel za sasa zinavumilia hadi nyuzi 100. Za AMD hutofautiana, na Ryzen 7000 zilizotoka mwaka 2022 zilitengenezwa zifike nyuzi 95 zikipewa kazi nzito na zibaki hapo bila kudhurika. Kwa hiyo mwenye Ryzen 9 7950X anayeona 95 wakati anatoa video ndefu hana ugonjwa wowote. Mwenye i5-12400 anayeona 96 huku amefungua bayosi tu, hiyo ni dharura. Tafuta jina kamili la prosesa yako, usome kikomo chake kwa mtengenezaji, ndipo uanze kuogopa.

Zamani mgeni aliyekosa msindikizaji alichoma nyumba. Mwaka 2001 watu wa tovuti ya Tom's Hardware walirekodi video wakiondoa hitisinki juu ya prosesa zikiwa kazini. Athlon ya AMD ilitoa moshi ikafa. Pentium 4 ya Intel ilipunguza mwendo ikabaki hai. Siku hizi zote zimefundishwa adabu ya Pentium 4. Zikikaribia kikomo zinapunguza kasi, na mambo yakizidi zinajizima. Kuzima ghafla kulikokutisha ni prosesa inayojiokoa.

Sasa shika saa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakina gharama. Fungua programu ya HWiNFO uangalie nyuzi, kisha uipe prosesa kazi nzito, tuseme jaribio la Cinebench. Je, nyuzi zimeruka kutoka 45 hadi 100 ndani ya sekunde tatu, na ulipoisimamisha kazi zikaanguka papo hapo? Mgeni amekwama mlangoni kabisa, kati ya prosesa na hitisinki. Au zilipanda taratibu, 70, 75, 82, zikafika 95 baada ya dakika kumi na tano? Basi mlangoni ametoka vizuri. Amekwama uani: feni, kasha, au chumba chenyewe.

Thibitisha kwa mkono. Kazi ikiwa inaendelea, gusa mbavu za hitisinki kwa ncha ya kidole, mbali na mapanga ya feni. Kama skrini inasema 100 na hitisinki iko baridi kama chungu cha maji, joto halijafika huko. Hakuna feni ya bei yoyote itakayokusaidia, kwa sababu feni inapuliza nyumba ambayo mgeni hajaingia.

Kijana mmoja mtaani kwetu, anayehariri video za harusi, aliniita kwa kilio hiki. "Shikamoo mjomba. Prosesa ni mbovu, narudisha kesho." Ilikuwa i5-12400 na hitisinki iliyokuja nayo boksini, ile ya duara yenye miguu minne ya plastiki. Nyuzi 100 ndani ya sekunde nne, hitisinki baridi. Nikamwomba aitoe madabodi kwenye kasha, akaona namsumbua. Tukaigeuza, tukaimulika kwa tochi ya simu. Kwa nyuma, kila mguu unapaswa kuonyesha vijino vyeupe vilivyotanuka na pini nyeusi imepenya katikati yake. Miguu miwili ya upande mmoja ilikuwa hivyo. Miwili ya upande wa pili vijino vyake vilikuwa vimechungulia tu tunduni, pini haijapita. Hitisinki ilikuwa imekaa kama kofia ya pembeni, imegusa prosesa upande mmoja na kuachia hewa upande wa pili.

Miguu hii ndiyo imewaliza watu wengi kuliko kifaa kingine chochote ninachokijua, kwa hiyo nakaa hapa kidogo. Juu ya kichwa cha kila mguu kuna mshale. Mshale ule unaonyesha upande wa kufungulia. Wengi hukizungusha kichwa kuufuata wakidhani wanakaza, kumbe wanalegeza. Kabla ya kuweka hitisinki, zungusha vichwa vyote kinyume cha mshale hadi vigome, na uhakikishe pini nyeusi zimevutwa juu. Weka madabodi mezani juu ya boksi lake, nje ya kasha, ili uone chini yake. Ingiza miguu yote minne matunduni kwanza. Kisha bonyeza kichwa kimoja na kile cha pembe inayokitazama kwa wakati mmoja, kwa dole gumba la kila mkono, mpaka usikie mlio: ka! Halafu viwili vilivyobaki. Madabodi itapinda kidogo na moyo wako utapinda nayo, ni kawaida. Ukimaliza, igeuze uhesabu pini nyeusi. Zikiwa tatu, anza upya.

Mwenye hitisinki ya skrubu naye akaze kwa msalaba, mizunguko miwili hapa, miwili pembe ya pili, kama fundi wa gari anavyofunga nati za gurudumu. Na mwenye hitisinki kubwa aliyoinunua kando aigeuze chini aitazame tumbo lake. Pale kuna karatasi ya nailoni inayong'aa, yenye maandishi madogo yanayosema iondolewe kabla ya kutumia. Watu waliosoma, wenye vyeti, wameiacha. Inateleza, inang'aa kama chuma chenyewe, na usiku wa manane mtu ana haraka ya kuona kompyuta ikiwaka. Ibandue.

Tukija kwenye pesti. Chuma kwa jicho ni laini, lakini uso wake una mabonde na vilima visivyoonekana, na ndani ya mabonde hayo kuna hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno. Shaba huipita zaidi ya mara elfu kumi. Pesti kazi yake ni kuifukuza hewa ile tu. Yenyewe haikaribii shaba hata kidogo, ndiyo maana haipakwi kama siagi ya kuonea fahari. Tone moja katikati, la ukubwa wa punje ya mbaazi, linatosha prosesa za kawaida. Mgandamizo wa hitisinki utalisambaza. Hitisinki nyingi zinazokuja boksini na prosesa huwa na pesti imeshapakwa, na hapo usiongeze.

Ukishaivua hitisinki, isome pesti kabla hujaifuta, kwa sababu inasimulia kila kitu. Pesti ya yule kijana ilikuwa imesambaa nyembamba upande mmoja, ina kivuli cha chuma kilichogusana. Upande wa pili ilikuwa bado na mistari ya kiwandani, nene, haijaguswa na kitu. Tuliifuta yote kwa kitambaa laini na spiriti, tukapaka mpya. Pesti iliyokwishabandukana hairudiwi, maana imeshameza hewa. Wala usipake dawa ya meno badala yake: hukauka na kupasuka, iache bafuni. Na mwenye Ryzen za soketi ya AM4 asiivute hitisinki kwa nguvu ikiwa baridi: pesti huganda, prosesa ikang'oka nayo na pini zake zikapinda. Endesha kompyuta dakika chache ipate vuguvugu, izime, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia mpaka iachie.

Kama saa ilikuambia mgeni amekwama uani, kazi ni nyepesi. Tazama waya wa feni ya prosesa umechomekwa pale palipoandikwa CPU_FAN. Tazama feni za kasha zinapuliza wapi: hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Nimeona kasha lenye feni tatu zote zinatoa, na jingine lenye ya mbele na ya nyuma zinatazamana kama mbuzi wanaotaka kupigana. Kisha toa ubao wa pembeni urudie jaribio lile lile. Nyuzi zikishuka kwa saba au kumi, kasha linakosa pumzi. Usifurahi ukaliacha wazi hivyo, vumbi litaingia, na mijusi wa Pwani hawabishi hodi.

Bayosi nayo iangalie. Madabodi kadhaa hutoka kiwandani zimeilegezea prosesa mipaka ya umeme, kwa hiyo ile ya wati 65 inavuta zaidi ya mia kutwa nzima na kihitisinki chake kidogo. Rudisha kikomo cha kudumu kwenye 65. Kwa AMD tafuta Eco Mode. Kasi itapungua kidogo, joto litapungua sana.

Lililobaki ni chumba. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ambayo feni inaivuta. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili kina nyuzi 32. Mwenzako wa Ulaya anayejisifia nyuzi 65 anakaa kwenye 20. Ongeza tofauti hiyo ya 12 kwenye namba zake ndipo ulinganishe na zako. Na tafadhali, kasha litoke ndani ya kabati la meza lenye mlango. Kile kitambaa cha kufuma chenye maua ambacho mama amekitandika juu yake kwa upendo, kiombe kwa heshima kirudi kwenye kochi. Kimeziba tundu la kutolea hewa.

Kijana wa harusi alirudisha madabodi kwenye kasha saa tano usiku. Tukaipa kazi ile ile ya mwanzo kwa dakika ishirini, namba ikapanda hadi 74 ikakaa. Prosesa aliyotaka kuirudisha ndiyo anayoitumia hadi leo. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujafunga safari ya kwenda kudai nyingine, igeuze madabodi, washa tochi, na uhesabu pini nyeusi. Ziwe nne.