Msonyo na Uzi wa Nyama

Lugha ya mwili, yaani jumla ya ishara za uso, macho, mikono na mkao ambazo mtu huzitoa akijua au asijue, ina hitilafu moja iliyowaponza wengi wasio na hatia: huitangaza hisia waziwazi, kisha hukataa kutaja chanzo chake. Abiria aliyekunja uso ndani ya daladala huonekana dhahiri kuwa amekereka. Lakini kama amekerwa na nauli, na jua la saa nane linalompiga dirishani, au na mtu aliyeketi ubavuni pake, uso wake hausemi, na huyo wa ubavuni kwa kawaida hujichagulia jibu lililo baya kuliko yote.

Wanasayansi walioanza kuuchunguza uso hawakumsaidia sana abiria huyo. Mfaransa Duchenne, katika kitabu chake cha mwaka 1862, alieleza jinsi alivyoichochea misuli ya uso kwa umeme, akabaini kwamba tabasamu la dhati huuhusisha msuli unaolizunguka jicho, ambao ni vigumu kuuamrisha, ilhali mdomo hutii amri yoyote. Ndiyo maana katika picha za harusi wajomba walioambiwa tena na tena wacheke hutoa meno yote huku macho yao yakiendelea kuulizia chakula. Miaka 10 baadaye Charles Darwin alichapisha kitabu kizima juu ya namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Wote wawili walishughulika na hisia ni ipi na uso huionyeshaje. Ya nani kamkera nani waliwaachia majirani.

Harusi za pwani zina mtihani wake. Kwa desturi, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake hutarajiwa kuinamisha macho na kuficha meno, kwa kuwa furaha ya waziwazi huhesabiwa kuwa ni kukosa haya. Mgeni asiyeijua desturi hiyo huweza kumhurumia, akamnong'oneza aliye karibu naye kwamba binti ameozwa kwa nguvu, kumbe anayenong'onezwa ndiye somo, yaani mwanamke aliyemfunda mwari, na mkao huo ni kazi ya mikono yake.

Hata hivyo, hakuna ishara iliyoleta hasara kubwa kwa hewa kidogo kama msonyo, ile sauti fupi ya kufyonza hewa kati ya ulimi na meno, ambayo katika Afrika Mashariki husikika kuwa dharau tupu. Kwa bahati mbaya, sauti iyo hiyo hutolewa na mtu anayeutafuta uzi wa nyama uliokwama kwenye gego. Katika karamu ya pilau, mama mkwe anapopita kuuliza kama chakula kimetosha, na mkwewe, aliyefumba mdomo kwa adabu, akafanikiwa kuunasa uzi huo papo hapo, ndoa huanza kujadiliwa upya. Utetezi hausaidii, maana anayeeleza kwamba hakusonya bali alikuwa na nyama hulieleza jambo hilo kwa kutahayari, na kutahayari kwake huwa ushahidi wa pili. Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman aliliita kosa la namna hii kosa la Othello, kwa kuwa mhusika huyo wa Shakespeare aliiona hofu ya mkewe akaihesabu kuwa hatia, ilhali mwanamke aliogopa kwa sababu hakuaminiwa.

Mahali ambapo mwili umepewa kibali cha kurusha vijembe ni ukumbi wa taarabu. Desturi ya kutunza, yaani kumwendea mwimbaji na kumpa fedha katikati ya wimbo, humwezesha mtu kumfikishia hasimu wake ujumbe bila kutamka neno, kwa kuinua noti juu na kumtupia jicho mlengwa penye ubeti unaomhusu. Uzuri wake ni kwamba akiulizwa hukana kila kitu, na ubaya wake huwaangukia wanaopenda muziki tu. Mwanamke aliyevutiwa na kinanda, akainuka na noti yake, kisha akageuka kumtazama mtoto aliyemwacha kitini, hurudi akakuta meza ya pili haimsemeshi, na jirani ambaye hakuwahi kugombana naye sasa ana ugomvi naye, tena wenye ubeti wake. Akienda kesho yake kusuluhisha, itampasa asishike kiuno, hata kama mgongo unamuuma.