Feni ya Kotile, Mabawa ya Kutulo

Fomu ya kuagiza bidhaa mtandaoni ilimtaka Maalim ataje jina la mtaa, namba ya nyumba, ghorofa na alama iliyo karibu. Kotile iko kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana, na vitu virefu zaidi unavyoweza kuviona hapo ni mnara wa simu na twiga akipita. Fomu haikukubali kuachwa wazi. Kwenye ghorofa akaandika sifuri. Kwenye mtaa akaandika "Ni huu huu mmoja". Kwenye alama akaandika "Msikiti". Akalipa kwa M-Pesa na pesa zikafika papo hapo, tofauti na kila kitu kilichofuata.

Alikuwa ameagiza feni ya sola. Ulikuwa mwezi wa tatu, msimu ambao hata mbuzi wa Kotile hugombania kivuli cha nguzo.

Baada ya siku kadhaa, simu ililia. "Maalim, niko hapa msikitini. Toka nje." Maalim alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Msikitini alimkuta mzee akitawadha.

"Mbona sikuoni?"

"Nimevaa koti la manjano. Nimesimama karibu na duka la simu."

"Duka gani la simu?"

Hapo ndipo ilipobainika kwamba mwenye koti la manjano alikuwa mjini Garissa, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, mbele ya mmoja wa misikiti mingi ya mji huo. Katika kompyuta ya kampuni iliyouza feni, kaunti nzima ilikuwa na kituo kimoja tu, nacho kiliitwa Garissa. Kijana wa boda hakuwa na kosa. Alipewa jina, namba ya simu na neno "Msikiti", akalifanyia kazi kwa imani.

Mtu wa Nairobi akisikia mkasa huu husema, "Ni barabara." Kweli, barabara ina yake. Njia ya kushuka Masalani, makao makuu ya kaunti ndogo ya Ijara iliko Kotile, ikinyeshewa, lori hukwama na abiria wakageuka wasukumaji. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Tana ilifurika hadi ikakata barabara ya Nairobi pale Kona Punda, karibu na Madogo, na watu pamoja na mizigo wakavushwa kwa mashua. Wakati kama huo hakuna anayemlaumu mtu kwa feni. Lakini mwezi wa tatu mvua ilikuwa bado. Feni ilikuwa imesafiri salama salimini kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi hadi Garissa. Iliharibikiwa kwenye karatasi.

Ushahidi upo, nao huingia Garissa kila siku ukipiga honi. Miraa huchumwa Igembe, Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye pikapu, na kwa kuwa nguvu yake hupungua ndani ya siku mbili hivi, hakuna anayeiandikia "mzigo wako unashughulikiwa". Barabara ni zile zile na mashimo ni yale yale. (Mwendo wa pikapu hizo ni jambo jingine, na wanaowahi kuzipisha kichakani wanalijua.) Tofauti ni kwamba kila anayepokea miraa anamjua kwa sura anayempa, na kila anayeikabidhi hupoteza pesa zake mwenyewe ikinyauka. Somalia ilipofunga mlango kwa miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, wakulima wa Meru walilia kwa sababu wateja hawakufikika. Hakuna mkulima aliyelalamika kwamba bunda lake limekaa ghalani likisubiri lebo.

Feni haina bahati hiyo. Haiozi, kwa hiyo hainung'unikiwi na mtu. Ghalani huchukuliwa rafuni na mmoja, hufungashwa na wa pili, hubandikwa lebo na wa tatu, hupangwa kwenye gari na wa nne, na kati yao hakuna anayejua kwamba kuna mwalimu huko mbali anayelala akijipepea kwa jalada la daftari la mahudhurio.

Mama mwenye duka pale Kotile ndiye aliyelishika jambo. "Maalim, hawa wakikuuliza unakaa wapi, usiwaambie unakaa wapi. Waambie mimi ni nani." Alipiga simu kwa binamu yake mwenye kibanda stendi ya Garissa, binamu akamtafuta kijana wa boda, boda akakabidhi boksi, boksi likapewa kondakta wa gari la Masalani pamoja na nauli yake, na namba ya mama ikaandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Likafika. Wanafunzi walisimama mlangoni na Maalim akakata gundi kwa kisu cha jikoni.

Ndani kulikuwa na mota, stendi, paneli ndogo ya sola, waya na kijitabu cha maelezo kwa Kichina. Mabawa hayakuwamo. Pembeni mwa boksi paliandikwa: "Kifurushi 1 kati ya 2." Maalim aliiwasha hata hivyo. Mota ilizunguka vizuri sana, ikanguruma kwa bidii, na chumba kikabaki vile vile.

Kifurushi cha pili kilikuwa Kutulo.

Kutulo ni mji halisi, uko barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, mamia ya kilomita kaskazini. Mtu aliyeandika lebo ya pili alisikia "Kotile" kwa simu, akaandika alichozoea. Tusimcheke sana. Kaskazini Mashariki na jirani zake wamejaa mitego ya namna hiyo. Kuna Bura ya Fafi, huku Garissa. Ng'ambo ya mto kuna Bura ya Tana River, yenye mradi wa umwagiliaji. Na iko Bura nyingine Taita Taveta, ambako mzigo unaweza kupumzika mwezi mzima bila mtu kuushuku. Ijara ni mji, na Ijara hiyo hiyo ni jimbo zima la uchaguzi. Jina la mahali peke yake halitoshi kumpeleka mtu, sembuse feni.

Posta ililijua hilo zamani, ndiyo maana kila ofisi yake ina namba ya tarakimu tano, na ya Garissa ni 70100. Mwaka 2016 ikaenda mbali zaidi kwa huduma ya MPost, ambapo namba ya simu ya mtu ndiyo inayokuwa anwani yake, naye hupata ujumbe barua ikifika. Kwa watu ambao hawajawahi kuwa na sanduku la posta lakini wana simu mbili na laini tatu, wazo hilo lina akili. Mumbai nako, tangu mwaka 1890, wachukuzi wa vyakula hubeba makopo ya chakula cha mchana kutoka majumbani hadi maofisini kwa alama za rangi, herufi na namba zilizopakwa kwenye kifuniko. Wengi wao hawakusoma sana. Alama moja humwambia mchukuzi stesheni, nyingine jengo, nyingine ghorofa. Huko walau ghorofa zipo.

Lakini hatuna haja ya kwenda India kutafuta mfano. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia watatu. Vitabu vilikwenda kwa ratiba vikaazimwa, na msafara uliporudi vikarudishwa vingine vichukuliwe. Kampuni za leo hutokwa jasho kuupokea mzigo unaorudi kutoka kwa mteja, na ngamia alikuwa akiupokea bila hata nywila.

Kotile yenyewe imeona makubwa zaidi. Hirola, swala adimu kuliko karibu wote Afrika, wamebaki wachache, na Agosti 2012 hirola 48 walikamatwa kwa msaada wa helikopta wakaingizwa kwenye uzio wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, ambayo watu wa Kotile ni miongoni mwa wenyewe. Mzigo huo ulikuwa na pembe, ulipiga mateke, na ungeweza kufa kwa mshtuko. Ila uzio ulikamilika kabla mnyama hajaguswa, walinzi walikuwa wakimsubiri, na kila mmoja alihesabiwa alipotoka na alipoingia. Hakuna hirola hata mmoja aliyepelekwa Kutulo.

Maalim alitumia hoja hiyo alipompigia mhudumu wa wateja. Dada alimsikiliza kwa heshima, akauliza, "Hirola ni aina ya feni?"

Basi ikawa ni kazi ya mama wa duka tena. Safari hii aliwabana hadi msimamizi wa ghala, na mashauriano yao, yaliyosikika duka zima, yalikuwa na mantiki kuliko mikutano mingi ya wataalamu. Kotile iwekwe kwenye orodha, isifichwe ndani ya Garissa. Mizigo ya Ijara ikusanywe Garissa isafiri pamoja mara moja kwa wiki, badala ya kila boksi kutangatanga peke yake. Duka lake liwe kituo, apate kamisheni kidogo kwa kila kifurushi. Lebo iwe na namba ya simu kubwa kuliko nembo ya kampuni. Vifurushi viwili vya oda moja vifungwe pamoja, "kama hamna kamba nitawatumia". Na gari likichelewa waseme limechelewa, wasitume ule ujumbe wa "liko njiani" ambao hata wao hawauamini.

Mabawa yalishuka kutoka Wajir wiki zilizofuata, yakipita mikononi mwa watu wengi ambao Maalim hatawajua kamwe. Kilomita za mwisho hadi mjini Garissa yalikaa chini ya kiti cha dereva wa pikapu ya miraa iliyokuwa inarudi tupu. Aliyafikisha saa aliyoahidi, akakataa malipo, akaomba tu chai. Kutoka hapo yakashuka Kotile kama boksi la kwanza, na feni ikapuliza.

Siku ile ile ulifika ujumbe: mteja hakupatikana, oda imefutwa, fedha zimerejeshwa. Na kweli zilikuwa kwenye M-Pesa. Maalim, mtu wa dini, alipiga simu kusema feni anayo na pesa si halali yake. Dada yule yule alimjibu kwamba mfumo hauna namna ya kupokea malipo ya oda iliyofutwa, ila anaweza kuirudisha feni yenyewe kwenye kituo kilicho karibu naye.

"Kituo gani hicho?"

"Garissa."

Mama wa duka aliinyakua simu. Aliwaambia waje kuichukua wenyewe, duka wanalijua sasa, na wakija wabebe nyingine nne, kwa sababu majirani wameiona ikizunguka na wameshaanza kumpa pesa.