Tupeni Hati ya Benchi: Barua ya Wazi kwa Msajili wa Ardhi

Kwa Msajili wa Ardhi,
Ofisi ya Ardhi ambayo jina lake nimelisitiri.

KUH: MAOMBI MACHACHE, LIKIWEMO LA HATI MILIKI YA BENCHI

Mheshimiwa Msajili,

Ninakuandikia kutoka Kitengela, kwa heshima zote anazostahili mtu anayetunza makabati ambamo, Mungu akipenda, mna ardhi zetu. Jina la ofisi yako nimelisitiri makusudi. Nikiitaja moja, wasomaji wa nyingine watalalamika kwamba nimewasahau.

Kwanza pongezi. Ploti ya futi hamsini kwa mia haina miguu. Iko palepale, na ua wake wa mabati na mbuzi wa jirani wakila mahindi yake. Lakini ikishaingia katika jengo lako hujifunza kutembea. Asubuhi haionekani. Saa nane mchana, baada ya mtu kunong'onezana na mtu kando ya kibanda cha fotokopi, inaonekana, tena faili halina hata vumbi.

Juzi dirishani alifika mzee wa shuka, hati yake imo ndani ya bahasha ya kaki, bahasha imefungwa kwa leso, na leso imo kifuani. Aliifungua taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Karani hakuitazama.

"Mzee wangu, faili lako liko nje."

"Nje wapi?"

"Liko kwa mtu."

"Mtu gani, kijana wangu?"

"Mtu wa ofisi."

"Na ofisi si ndiyo hii?"

"Njoo Alhamisi, mzee."

Mheshimiwa, ukoo wa ardhi zetu unaujua kuliko sisi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, iliyokuwa chini ya ile sheria ya 1968 ya ranchi za vikundi, iligawanywa mwaka 1988. Kila mwanachama akapata shamba lake. Shamba likauzwa, likakatwa, likauzwa tena, likakatwa tena, hadi tukafikia hizi hamsini kwa mia zetu. Kila shamba linapokatwa, kadi ya kijani ya zamani, ile rejista ya shamba, hufungwa na mpya zikafunguliwa. Kadi moja ikikosekana katikati, mjukuu hana babu.

Zamani hilo lingekuwa usumbufu tu. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba kushika hati mkononi hakutoshi ikiwa mzizi wake una walakini. Anayenunua achimbe hadi aone ardhi ilianza vipi kumilikiwa. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, tulishuhudia hapo Mavoko, ng'ambo tu ya Kitengela, matingatinga yakiangusha nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, na wenye nyumba wamesimama kando na makaratasi waliyouziwa. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa huku anayenunua hata kaburi bila kufanya sachi. Mahakama inasema tuchimbe mzizi. Mzizi umo kabatini mwako. Na kabati lako limesema tuje Alhamisi.

Ndiyo maana ninaleta ombi langu la kwanza, ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, kwa kuwa muda ndicho kitu pekee ambacho ofisi yako hutugawia bila malipo. Tunaomba hati miliki ya benchi la barazani.

Msingi wetu ni wa kisheria kabisa. Sheria ya Kenya inasema mtu akikalia ardhi ya mwingine miaka 12, kwa uwazi, bila kukatizwa na bila ruhusa, anaweza kwenda kortini kudai iwe yake. Tumelikalia benchi hilo kwa uwazi: maafisa wote hupita mbele yetu wakienda chai na kurudi, ingawa nakiri hakuna aliyewahi kututazama. Tumelikalia bila kukatizwa: mmoja akiinuka kwenda msalani, mwenzake hushikilia nafasi kwa kofia. Kuhusu ruhusa, najua wakili wako atasema kwamba askari wa mlangoni alituambia, "Ketini hapo mngoje." Tutajibu kwamba idhini ile ilikuwa ya kungoja dakika chache, na ilikwisha nguvu zamani.

Tumekwisha kufanya kazi ya mwanzo ili msisumbuke. Mali hii itaitwa Baraza/Benchi/1. Mashariki imepakana na ukuta uliobanduka rangi kwa migongo yetu. Magharibi imepakana na mlango ulioandikwa "Hakuna Kuingia". Mguu mmoja umefungwa waya, na tunaomba waya huo uandikwe kwenye rejista kama maendeleo tuliyoyafanya kwa gharama zetu. Vigingi ni misumari minne iliyochomoza, nasi tunaijua ilipo hata gizani.

Kwa kuwa wenye haki ni wengi, tutahitaji kuligawa. Saveya atuchoree ramani, kila mmoja apate upana wa nyonga zake, akina mama waliobeba watoto waongezewe kidogo. Pale katikati palipobonyea pabaki kuwa mali ya pamoja, maana hakuna anayepataka. Iachwe njia ya kupita karani mwenye trei ya chai. Bodi ya ardhi ikitaka kukagua kabla ya kutoa idhini, ije iketi, ila ikumbuke kuwahi asubuhi. Idhini ya wanandoa isiwatie shaka: wake zetu wanalijua benchi hili, baadhi yao wanaamini tumelioa.

Hebu fikiria faida yake, Mheshimiwa. Itakuwa mali ya kwanza katika kaunti nzima ambayo wamiliki wake hupatikana papo hapo saa zote za kazi. Anayetaka kufanya sachi hatahitaji faili. Atageuka tu atuulize.

Na ikiwa mtu atakwama njiani, mrithi wake aketi pale alipoachia. Hilo si mzaha. Mama mmoja anakuja kufuatilia faili ambalo marehemu mumewe alianza kulifuatilia akiwa mzima. Sasa, juu ya faili lisiloonekana, ana kesi ya mirathi, na kesi ya mirathi inataka sachi, na sachi inataka faili. Mmemgeuza mjane kuwa gurudumu.

Najua mtanijibu kwamba sheria hairuhusu mwananchi kudai mali ya serikali kwa kuikalia miaka 12. Ni kweli. Ila Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilituonyesha jinsi misitu, hifadhi za barabara na viwanja vya shule vilivyopata hati bila mtu kukalia hata dakika 12. Faili za mambo hayo hazikuwa nje. Hazikuwa kwa mtu. Sisi tunaomba benchi tu.

Maombi mengine ni madogo, nitayapitia haraka.

Baadhi ya simba wa Mbuga ya Nairobi wamewahi kuvalishwa kola ya redio, ili wakitoroka kuja kuwinda ng'ombe wetu Kitengela ijulikane walipo. Tunaomba kola za aina hiyo kwa mafaili yetu. Simba hatujawahi kuambiwa yuko kwa mtu.

Tunaomba Alhamisi moja yenye tarehe.

Tunaomba tujue sisi ni nani. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Siku ya kulipa sisi ni mji. Siku ya kuuliza maji ya mfereji tunarudishwa mashambani.

Tunaomba yule anayesimamia nambari ya malipo ya serikali, 222222, awafundishe wenzake wa masijala. Nambari hiyo haijawahi kwenda chai.

Na mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Aprili 2021 na kuanza na Nairobi, ukifika kwetu kikamilifu, tunaomba msianze kwa kuingiza kwenye kompyuta yale mafaili yaliyo kwa mtu. Anzeni kwa kumwingiza mtu huyo.

Sasa tuje kwenye kadi ya kijani iliyokatiwa tamaa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinakupa uwezo wa kuifungua upya baada ya tangazo la siku 60 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo lenyewe tumelizoea: kadi imepotea, juhudi zote za kuitafuta zimegonga mwamba, mwenye pingamizi ajitokeze. Nani aliyekabidhiwa kadi hiyo aitunze? Ofisi. Nani anaambiwa alete ushahidi kwamba iliwahi kuwepo? Mwenye ardhi. Nani anazunguka na ada ya tangazo? Mwenye ardhi. Nani anakaa siku 60 akiomba asitokee mtu mwenye karatasi nzuri kuliko yake, huku mnunuzi wake akichoka na kwenda kununua kwingine? Huyohuyo. Mlinzi amepoteza ng'ombe, na mwenye ng'ombe ndiye anayelipa faini.

Tena msituambie ni uzembe. Faili lililopotea kwa uzembe halina bei ya kupatikana. La kwenu lina bei, na sote barazani tunaijua, na anayelipa haketi nasi. Mei 2014, waziri wa ardhi wa wakati huo, Charity Ngilu, alifunga masijala ya Ardhi House kwa siku 10 ili mafaili yapangwe, na yakapatikana yale ambayo wenyewe walikuwa wameambiwa hayaonekani. Hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamefichwa, na watu wanaolipwa mshahara kwa kodi ya wale waliokuwa wakiyatafuta. Kumficha mtu faili la ardhi yake ni kumnyang'anya ardhi kwa mwendo wa pole, na anayefanya hivyo ni mwizi hata akivaa tai.

Niwie radhi, Mheshimiwa. Jua la huku ni kali, na nafasi yangu kwenye benchi haina kivuli. Naendelea kukutakia afya njema, na kila ukipandishwa cheo, faili lako lisiwe nje.

Wako mwaminifu,
Mmoja wa Wamiliki Watarajiwa wa Baraza/Benchi/1,
Kitengela.

Nakala: kwa wewe msomaji, unayeijua barua hii kabla ya kuisoma. Usiondoke dirishani na maneno matupu ya "njoo Alhamisi". Andika ombi la rekodi ya ardhi yako, toa nakala mbili, na moja ipigwe mhuri wa kupokewa mbele yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeipa ofisi siku 21 kukujibu. Siku ya 22 usirudi na hela ya chai. Peleka ile nakala yenye mhuri kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ya Ombudsman, na umwambie jirani yako wa benchini afanye vivyo hivyo.