Milioni Tisini za Mama Mkwe

Meza yetu ya chakula ilitekwa Jumapili moja ya mwaka 2024, baada ya ibada, na mdogo wangu aliyerudi likizo kutoka chuoni na laptopu. Sahani zilihamia mkekani, sombe ikazifuata, na sisi tukaifuata sombe. Mezani walibaki laptopu, waya wake, kaunta buku la kikundi, na mume wangu, ambaye ni katibu wa kikundi na kwa hiyo alijiona mwenye haki ya kuketi kitini.

Kikundi chetu cha hisa hapa Nyakitonto hakina mambo mengi. Hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mkutano mtu hununua kuanzia moja hadi tano, basi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hulala katika nyumba tatu ambazo hazipendani sana. Mimi naona kutopendana huko ndiko ulinzi wenyewe. Katibu ana mwandiko wake: aliyenunua hisa tatu kati ya tano anamwandikia 3/5, aliyenunua zote 5/5. Miaka yote hajapata kuulizwa maana yake, kwa sababu kila mtu anaijua.

Mdogo wangu akatangaza kwamba zama za kaunta buku zimekwisha. Akaleta na sheria, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. "Shemeji, utakwenda kusajili na daftari lenye mawese?" Mume wangu akalifuta jalada kwa kiganja, mawese yakaenea zaidi.

Somo likaanza. Tuliambiwa kwamba ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576 na safu 16,384. Mume wangu akauliza hao wanachama wengine watatoka wapi, maana sisi tuko ishirini na saba, na wawili kati yao wamesema wanahamia Kibondo. Tukaambiwa kuna fomula zaidi ya 400. Mdogo wangu akamwonyesha namna ya kuficha safu isiyopendeza, namna ya kugandisha mstari wa juu, namna ya kulifanya deni lililochelewa lijipake rangi nyekundu lenyewe, na namna ya kuchora duara lililokatwa vipande vya rangi, kila kipande mwanachama. Mume wangu aliandika yote hayo, kwa kalamu, kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku lililokuwa limekwisha kutangazwa marehemu.

Kuhusu hisa zenyewe zinavyoandikwa, hapakusemwa neno. Mwalimu hakuuliza, na mwanafunzi hakuona kitu cha kueleza.

Mdogo wangu akatengeneza ukurasa wa mzunguko mpya, akaweka fomula ya kuzidisha hisa kwa 2,000, akaficha safu ya hisa ili ukurasa usomeke vizuri, yaani uonyeshe jina na thamani tu, kisha akapanda bodaboda kwenda Kasulu. Usiku ule mume wangu akamsomea binti yetu wa kidato cha tatu majina na hisa za mkutano wa kwanza. Binti alifichua safu kama alivyoelekezwa, akachapa kama alivyosomewa, huku macho yake yako kwenye vitufe wala si kwenye kioo, kisha akaificha tena. Namba za simu zilikuwa zimekwisha kupoteza sifuri zao za mbele, ila hilo waliliona dogo. Halafu wakashuka kutazama chini.

Jumla ya kikundi ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni mbili.

Mume wangu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akapandisha kidole hadi kwenye jina la mama yake: 90,712,000. Kwa sauti ambayo hakukusudia itoke, akasoma: "Mama ana milioni tisini." Mtoto wetu mdogo, ambaye tulidhani amelala, hakuwa amelala.

Nieleze kilichotokea, maana kwa jambo hili nimechokozwa sana sokoni. Ukiiandikia Excel 3/5, haisomi tatu kati ya tano. Inaona tarehe. Laptopu ile ilipangwa kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza, kwa hiyo ikasoma tarehe 5 Machi ya mwaka ule. Na ndani yake tarehe ni hesabu ya siku, tarehe 1 Januari 1900 ikiwa namba moja, na tarehe 5 Machi 2024 inakuwa 45,356. Zidisha kwa 2,000. Aliyekuwa na hisa tano alipata 5 Mei, siku 61 mbele, kwa hiyo alimzidi mama mkwe kwa shilingi 122,000 tu. Sijapata kuona kijiji chenye usawa kiasi kile.

Mume wangu si mjinga. Alijua mkutano mzima hauwezi kuzidi shilingi 270,000. Lakini mashine ilikuwa na rangi, na ilikuwa na duara, na mkoa huu wa Kigoma umeona miradi mingi ya wahisani ikija usiku na kuondoka asubuhi. Akaniuliza kwa kunong'ona kama inawezekana kuna mfadhili ameweka kitu. Nikamuuliza amekiweka wapi, sanduku lina kufuli tatu.

Kulipokucha, watu walikuwa uani. Walimwamkia mama mkwe kwa salamu zetu za Kiha za kupiga makofi polepole, wakazirefusha, wakauliza mpaka hali ya mbuzi. Ndugu mmoja wa Makere, ambaye hatukumwona hata msibani, alifika na baiskeli akitaka "kushauriana". Mama mkwe alipokea heshima zote akiwa kwenye kigoda, hakukana wala hakukiri. Walipokwisha akaniita.

"Mama Binti, mimi nilinunua hisa ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Elfu sita. Sasa hawa wananisalimia ya nini?"

Mwanamke huyu anatumia simu ya vitufe, na kwenye menyu nzima ya kutuma na kupokea pesa amejifunza kuangalia salio na kutoa pesa. Yaliyobaki hataki kuyajua. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulipomfikia, aliufuta, kwa sababu hakuna hela aliyoahidi mtu. Najua wataalamu wa mafunzo wangempa alama za chini.

Wala tatizo halikuwa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ni kazi ya kujivunia. Ila unaweza kuzisoma menyu zote kwa Kiswahili na bado ukaandika 3/5. Wasomi wakubwa wameponzwa vilevile. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuwa imebadilisha baadhi, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe. Mwaka huohuo Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona walichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu faili la aina ya zamani lilikuwa na mistari 65,536 tu, ikajaa. Hao hakuna wa kuwaambia kwamba hawakuhudhuria mafunzo.

Mdogo wangu alirudi jioni akacheka mpaka akakaa chini. Halafu, na hapa lazima nimpe haki yake, akaandika fomula moja inayotoa namba ya mwezi kutoka kwenye tarehe. Machi ni tatu, Mei ni tano, Januari ni moja. Hisa za wote ishirini na saba zikarudi mahali pake kabla chai haijapoa. Nyumba nzima ikanyamaza kwa adabu. Mtu wa namna hiyo kijiji kinamhitaji, mmoja, na anayepatikana kwa simu.

Mume wangu alishukuru, akafuta kila safu, akaanza kuchapa upya: jina, hisa kwa tarakimu moja, thamani. Safu tatu, hakuna iliyofichwa. Binti anachapa, yeye anasoma, mama mkwe anajumlisha kwa vidole kando ya jiko na kutangaza jumla kabla ya mashine. Duara la rangi limebaki kwa ombi lake. Anasema kipande chake ni cha bluu na hataki kibadilishwe.

Ndugu wa Makere bado anapiga simu. Sasa anasema hahitaji zote, hata milioni mbili zitamtosha.